Mama Kipaza na Kofia ya Ng'washi

Kofia iko mkononi mwangu. Chini ya kofia ni Queen.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na najua wapo waliokaa wiki nzima wakinicheka. Endeleeni tu. Leo mtapata vya kutosha.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Modesta, mwenyekiti wa kamati ya mahudhurio ya shule yetu ya msingi hapa Nyakasenge, ziwani kabisa. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii na kipaza sauti cha mkononi. Kila asubuhi nilikuwa napita mtaani nikitangaza majina ya wazazi ambao watoto wao hawajafika darasani. Watu wakaniita Mama Kipaza. Nilidhani ni heshima.

Siku hiyo Afisa Elimu wa kata, Ndugu Elias Chenge, alikuwa njiani kuja kuiona shule isiyo na mtoro hata mmoja. Ndivyo nilivyomwambia. Nikafika shuleni nikakuta uwanja mtupu, kuku, na mwalimu mkuu ameshika kiuno. Nikateremka mbio hadi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, na gauni langu jipya la kitenge, nimkamate mtoro wa kwanza nitakayemwona. Nikamwona msichana ameinama anaanika dagaa juu ya nyavu, kofia pana ya ukindu yenye utepe wa bluu imemfunika hadi mabegani. Nikainyakua.

"Shikamoo, mama," akasema mwanangu.

"Marahaba."

Kipaza kilikuwa kimewashwa. Marahaba yangu ikaenda hadi kwenye yale mawe makubwa ya upande wa pili, ikarudi.

Mwalo mzima ukageuka. Hata yangeyange waliokuwa wanadokoa dagaa waliacha kudokoa.

Mtoto huyu nilimmiminia chai mwenyewe asubuhi ile. Nilimkagua kucha. Nilimsindikiza hadi kona na kumpungia mkono. Sasa yuko mbele yangu, kitenge cha mtu mwingine kiunoni, na chini ya kitenge inachungulia sketi ya shule.

"Unafanya nini hapa?"

"Naanika."

"Naona unaanika. Nauliza kwa nini."

"Jua limetoka, mama."

Kuna mtu alicheka nyuma yangu. Nilikijua kicheko hicho kabla sijageuka. Alikuwa Hellen, mama yake Ng'washi, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye jina lake nilikuwa nimelitangaza mara nyingi kuliko tangazo la chanjo.

"Usimgombeze, mayu," akasema Hellen, akiniita mama kwa Kisukuma. "Huyo ni mfanyakazi wangu mzuri kuliko wa kumzaa."

"Mfanyakazi?"

"Kila msimu wa giza yuko hapa. Hukujua? Nshomile anawajua watoro wa kata nzima, wa kwake hamjui."

Wasukuma wakitaka kututania sisi Wahaya hutuita Nshomile, yaani nimesoma. Sijawahi kusikia wakilitumia siku ambayo Mhaya amefanya jambo la akili.

"Zima hicho kipaza kwanza," akaongeza. "Tunakusikia hata kikiwa kimezimwa."

Nikakizima.

"Queen. Umekuwa ukija hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Na hao dagaa uliokuwa unaleta nyumbani?"

Queen akatazama chini. Hellen akajibu kwa niaba yake, bila kuombwa.

"Simlipi hela, ni mtoto. Nampa dagaa. Wale wakubwa, waliokauka vizuri."

Hapa inabidi niwaeleze jambo, na ningependa kulieleza nikiwa nimewapa mgongo. Mwanangu alikuwa analeta dagaa kwenye mfuko, na nilipomuuliza akaniambia ni zawadi ya mahudhurio. Niliamini. Nilisimama kwenye mazoezi ya kwaya nikawasimulia. Niliwapika dagaa hao kwa ndizi na mchuzi mzito, nikawalisha wageni, nikawaambia mnachokula ni matunda ya malezi. Wengine niliwatuma hadi Muleba kwa dada yangu Kemilembe. Akanijibu kwamba anawaonyesha majirani.

Nilikuwa nimekula utoro wa mwanangu, nikaomba na pilipili.

"Kwa nini, Queen?"

"Mama, tunasaidiana. Wakati wa giza mitumbwi inakuja na dagaa wengi asubuhi. Ng'washi akianika peke yake jua linamkuta, hafiki shule kabisa. Tukija wengi tunamaliza upesi, tunapanda wote shuleni. Tunawahi kipindi cha tatu."

"Kipindi cha tatu."

"Wewe huwa unatangaza cha kwanza, mama. Ukishatangaza unaenda kunywa chai."

Ni kweli. Kutangaza kunakausha koo.

"Haya. Leo mbona hamjapanda?"

Queen alimtazama Hellen, na Hellen, ambaye hajawahi kukosa neno, alianza kuwageuza dagaa ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

"Ng'washi haendi shule tena," akasema hatimaye. "Anavuka leo. Anaenda Sengerema, kambini kwa shangazi yake Dorcas, akawapikie wavuvi. Boti ile pale inapakia."

Niliitazama. Boti ndefu ya mbao, injini nyuma, magunia matupu na ndoo. Mwanamke mnene aliyefunga kilemba alikuwa anamfokea kijana kuhusu petroli.

"Lakini yuko darasa la saba," nikasema. "Mtihani wa mwisho umefika."

"Najua."

"Akienda kambini hataufanya."

"Najua, mayu. Mimi ndiye mama yake."

"Sasa kwa nini?"

Hellen akanyooka. Ni mwanamke mfupi, lakini siku hiyo ilibidi niinue shingo.

"Unakumbuka ulikuja hapa nikiwa na wateja wangu kutoka Buswelu? Mzigo uko kwenye mizani, tunapatana bei. Ukaja na hicho kipaza chako. Ukasema, Hellen Luhaga ni mzazi asiye na malengo. Ukasema mara mbili, labda wa nyuma hawajasikia. Mteja akaniuliza, mama, malengo ni nini? Nikamwambia sijui, lakini nahisi sina."

"Hellen, ilikuwa ni uhamasishaji."

"Ulinihamasisha. Nikalala nikifikiri. Nikaona mtoto akiwa hapa nitatangazwa kila giza, akiwa Sengerema kipaza chako hakifiki. Basi."

Wasomaji wangu, neno malengo nililisoma chuoni. Nililipenda. Nimekuwa nikitafuta mahali pa kulitumia tangu nihamie hapa kutoka Kiseke.

Na hapo nikaliona jambo lenyewe, likiwa limesimama uchi mchana kweupe. Nilianzisha kampeni ya kuwaingiza watoto darasani. Mtoto wa kwanza kutolewa shuleni moja kwa moja alikuwa anatolewa kwa sababu ya kampeni hiyo. Ng'washi, ambaye Queen huniambia hufanya hesabu za kugawanya kichwani wakati mwalimu anatafuta chaki.

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani, anafunga begi. Shangazi yake atampakia mwenyewe."

"Anamjua?"

"Alimwona akiwa mtoto mchanga. Nimemwambia, utamwona kwa kofia yenye utepe wa bluu."

Kofia hiyo ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Mama, nipe," akasema Queen kwa upole. "Ni ya Ng'washi, aliniazima. Anaihitaji."

"Mpelekee, halafu upande shule mbio. Mgeni anakuja. Akukute darasani."

"Ndiyo, mama."

Nilimpa kofia. Likumbukeni hilo. Nilimpa kwa mikono yangu miwili, nikamfuta na magamba shavuni.

Queen akakimbia. Hakwenda upande wa nyumba za akina Hellen wala upande wa shule, alizunguka nyuma ya vibanda. Nilidhani ni njia ya mkato. Mama anayemwamini mwanawe hudhani mambo mengi.

Nyuma yangu nikasikia kikohozi cha mtu wa ofisi.

"Mama Modesta."

Ndugu Chenge alikuwa anateremka, suruali imepigwa pasi hadi inaweza kukata mkate, viatu vinateleza kwenye magamba. Alikuwa amekunja uso.

"Nimetoka shuleni," akasema. "Mwalimu mkuu ameniambia uko huku. Mama, shule iko wapi?"

"Karibu sana, Afisa. Shikamoo."

"Marahaba. Darasa la saba lote nimekuta msichana mmoja. Mmoja tu. Amekaa dawati la mbele, anafanya hesabu bila hata mwalimu. Nikamsalimia, akanijibu bila kuinua kichwa."

Moyo wangu ukaruka. Queen ana miguu mirefu, ya upande wa baba yake.

"Huyo ni wa kwangu," nikasema.

Hellen akanitazama kwa jicho moja. Mtu mwenye stashahada angejiuliza mtoto aliyeondoka hapa sasa hivi amefikaje darasani kabla ya mtu anayetoka huko. Mimi nilikuwa na shughuli. Nilikuwa navimba.

"Na wengine?" akauliza Chenge, akiwaonyesha watoto waliokuwa wameinama kwenye nyavu, mikono imejaa dagaa. "Hawa ni nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Niliitazama, nikaipisha.

"Leo ni siku ya elimu kwa vitendo, Afisa. Tumewaleta mwaloni. Sayansi na stadi za kazi."

"Shikamoo, mwalimu," watoto wakaitikia kwa pamoja, wakimtazama Hellen. Kudanganya kwa pamoja wanakuweza hata bila kufundishwa.

Uso wa Chenge ukakunjuka.

"Aa. Hili ni wazo zuri. Na huyu mama ni mwalimu wao?"

"Mimi ni somo," akasema Hellen.

Chenge akacheka, akatoa simu yake.

"Mimi nilishaogopa. Maana hii picha uliyonitumia wiki mbili zilizopita nimeionyesha hadi kwa wakubwa zangu. Uwanja umejaa, foleni zimenyooka. Wanataka uende ukazifundishe kamati za shule nyingine. Utapewa na cheti. Sasa nipangie siku nyingine nije niwaone darasani, nipige picha kama hii."

Akaniletea simu usoni. Ilikuwa picha yangu kweli. Watoto wote wako mstarini asubuhi, hata wale wa Hellen, hata wale wa kina Luhaga wote. Mimi nimesimama mbele na kipaza, kidevu juu. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara nilitazama kidevu.

Safari hii, kwa kuwa nilihitaji kupanga siku, nikatazama nyuma ya kidevu. Juu ya paa la darasa la nne ulikuwepo mwezi. Mpevu, mweupe, umechelewa kuzama.

Nikageuka kulitazama ziwa. Nikaitazama mitumbwi iliyorudi alfajiri, taa zake bado zimefungwa juu.

Mtu yeyote aliyekaa Mwanza anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwaka, dagaa hawafuati taa, na wavuvi wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Hata mimi najua. Kila giza huwa natoka barazani kwangu nikapiga picha zile taa zinavyometameta kule ziwani kama mji mwingine, nikaweka statasi na kuandika "Mwanza yetu". Sikuwahi kujiuliza taa zile asubuhi zinaleta nini, na nani anaanika.

Kampeni yangu niliianza mbalamwezi. Watoto wakajaa. Nikapiga picha, nikaanza kutembea kama mtu aliyevumbua sabuni. Giza likaingia, watoto wakapungua, nikaongeza sauti ya kipaza. Mbalamwezi ikarudi, wakajaa tena, nikasema mnaona.

Watoto wale walikuwa wanaletwa shule na mwezi. Mimi nilikuwa napiga kelele chini yake tu.

"Siku gani basi?" akauliza Chenge.

Ningeweza kumtajia siku ya mbalamwezi. Angekuja, angekuta uwanja umejaa. Ningekwenda na gauni lile lile kuzifundisha kamati nyingine kutangaza majina ya watu. Cheti kingekaa sebuleni juu ya televisheni.

Kule kwenye maji, injini ya boti ilikohoa, ikazima.

Hellen akanisogelea hadi nikasikia harufu ya dagaa na ya sabuni.

"Mwambie," akasema taratibu.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba na wa kwako ni mtoro. Kwa kipaza, kama ulivyoniambia mimi. Ukisema hivyo mbele ya huyu mwenye suruali, mimi na wewe tumekuwa sawa. Namshusha wangu kwenye boti, anafanya mtihani."

"Nikisema bila kipaza?"

"Mimi hukuniambia bila kipaza."

Nawaambia nilifikiria, tena si kidogo. Nilifikiria cheti, nilifikiria kwaya, nilifikiria majirani wa dada yangu Muleba. Injini ikakohoa mara ya pili, na safari hii ikakaribia kushika.

Nikawasha kipaza.

"Tangazo," nikasema.

Ndugu Chenge akaruka. Watoto wakainua vichwa. Juu mtaani nikaona milango inafunguliwa, kwa sababu watu walishazoea saa yangu na hii haikuwa yenyewe.

"Mzazi asiye na malengo siku ya leo ni Modesta, mama yake Queen, mwenyekiti wa kamati ya mahudhurio. Narudia kwa wale wa nyuma. Mtoto wake Queen, darasa la saba, kila giza yuko mwaloni anaanika dagaa. Mama yake hakujua. Mama yake aliwala hao dagaa."

"Mama, zima hicho kitu," akasema Chenge kwa sauti ya chini.

"Bado, Afisa. Leo hakuna elimu kwa vitendo. Hawa ni watoro, na utoro wao una sababu, na sababu iko juu." Nikaonyesha mbinguni. Wengine wakadhani namtaja Mungu, nikalazimika kufafanua. "Mwezi. Picha niliyokutumia ni ya mbalamwezi. Njoo giza lolote utakuta kuku. Kutangaza majina hakuaniki dagaa. Kama wazazi wengine tungekuwa tunateremka hapa kwa zamu alfajiri za giza, kazi ingeisha kabla ya kengele. Giza hili naanza mimi."

Bibi mmoja kutoka kwenye vibanda akaita, "Na gauni hilo?"

"Na gauni hili," nikasema kwa kipaza.

Nikainama, nikachota dagaa kwa mikono miwili, nikawatupa kwenye wavu. Wakaanguka rundo.

"Unaanika au unasonga ugali?" akauliza Hellen. "Watawanye. Hivyo wataoza katikati."

Nikatawanya. Mwalo ukacheka, na nikikumbuka vizuri kicheko kile kilikuwa cha kwanza kunielekea ambacho hakikuniuma sana. Ndugu Chenge alikuwa amesimama na simu yake, hajui aiweke wapi. Alitazama picha, akatazama mbingu, akatazama tena picha.

"Hata mimi sikuuona huo mwezi," akasema.

Nikampenda kidogo kwa hilo.

"Inatosha," Hellen akaniambia. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga, na sitasema kwa nini, labda ni moshi. "Umenilipa. Twende tukamshushe."

Tukageuka.

Boti haikuwepo.

Yaani ilikuwepo, lakini mbali, imeshashika mwendo, mkia wa povu nyuma. Dorcas amekaa mbele na kilemba chake. Katikati ya magunia, mgongo umetuelekea, imekaa kofia pana ya ukindu yenye utepe wa bluu.

"Ng'washi," akaita Hellen. Sauti yake haikufika hata kwenye mtumbwi wa karibu.

"Niachie mimi," nikasema. Hatimaye lilikuwa limetokea jambo ambalo Mungu aliniumbia. Nikainua kipaza, nikavuta pumzi hadi tumboni. "Boti ya Sengerema, rudini. Narudia, boti ya Se..."

Kikatoa mlio kama wa paka aliyekanyagwa, kikafa.

Betri. Kipaza kilichobeba malengo, uhamasishaji, na aibu yangu yote bila kukwama, kikaishiwa nguvu siku pekee kilipohitajika.

"Mpigie Dorcas," nikamwambia Hellen.

Akapiga. Simu ikaita papo hapo, karibu yetu, ndani ya beseni.

"Aliniachia niichaji," akasema Hellen.

Nikamtupia kipaza, nikaingia majini. Sijui kuogelea. Sisi wengine tumekulia milimani kwenye migomba, ziwa tulikuwa tunalitazama kwa mbali kama jirani anayeringa. Lakini niliingia, gauni likajaa upepo likanizunguka kama mwavuli, nikapunga mikono yote miwili na kupiga kelele kwa koo langu mwenyewe, lile ambalo nilikuwa nalitunza kwa chai.

Na kofia ikageuka.

Msichana kwenye boti alisimama. Akatuona. Akaivua kofia, akaipunga juu taratibu, kama anayeaga stendi. Jua lilikuwa limempiga usoni.

Kwa mara ya pili asubuhi ile, chini ya kofia alikuwa Queen.

"Mama," sauti ikaja juu ya maji, nyembamba lakini safi, ya mtoto aliyelelewa karibu na kipaza. "Ng'washi yuko darasani. Usimtoe."

Msichana mmoja. Dawati la mbele. Anafanya hesabu bila mwalimu.

Nikamtazama Hellen. Hellen akamtazama Chenge. Chenge akanitazama mimi.

"Ulisema yule ni wa kwako," akasema.

"Ni wa kwangu," akasema Hellen polepole, na nikaona uso wake ukifunguka, kisha ukafungwa haraka alipokumbuka yuko kwenye boti ni nani. "Mayu. Dorcas anaamini amembeba wa kwangu. Hana simu. Na kambi yake haiko mahali pamoja, wanahama wakifuata dagaa. Giza hili sijui wako kisiwa gani."

Boti ikafika kwenye mawe makubwa. Nikaona kofia, nikaona utepe, kisha nikaona mawe tu.

Maji yalikuwa yamenifika kifuani. Nyuma yangu, ufukweni, nilisikia mtu akikigonga kipaza kwa kiganja, mara moja, mara mbili, kama wanavyogonga redio za zamani. Kikakwaruza. Kikafufuka. Ikasikika sauti ya Hellen, tulivu, kubwa, ikitoka mwaloni na kupanda hadi kwenye milango yote ya Nyakasenge.

"Tangazo. Anahitajika mwenye boti yenye mafuta. Mtoto wa mwenyekiti amevuka ziwa."